Usisaini hiyo asilimia moja

Usisaini. Mengine tutayaongea baadaye.

Umeandika kwamba kampuni moja ya Kampala inataka uwatafutie miradi ya umeme na kuisukuma mpaka ijengwe: nauli na vocha za simu kila mwezi, mshahara "kidogo wa kuanzia", halafu asilimia moja ya mkopo siku mabenki yakiutoa. Ukauliza ukubali au ukatae, usome shahada gani ya uzamili, na kama Nairobi kuna nafasi zaidi. Nilikuwa nakula niliposoma, chakula kikanikwama. Maneno hayohayo niliambiwa mimi na mzee mmoja wa kwetu Arua, mwenye ofisi Kololo, mtaa wa wenye hela hapa Kampala, aliyenisemesha Kiswahili cha nyumbani mpaka nikaona aibu kufungua ukurasa wa nne wa mkataba mbele yake.

"Kijana, kwenye umeme mtu hula mara moja akashiba maisha." Sawa, mzee. Wewe ulishiba.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji, megawati chache tu, kwenye mto wa milima ya magharibi. Nikisema nilikuwa natafuta miradi, watu hudhani nilivaa suti nikala sambusa hotelini na Wazungu. Nilikaa mikekani. Ardhi ya kule ilikuwa ya kimila, haina hati, kwa hiyo kupitisha mfereji mpaka kwenye nyumba ya mitambo kulihitaji ukoo mzima ukubali: mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, agonge muhuri, wazee waweke dole gumba, na yule mtoto wao aliyehamia mjini apigiwe simu, maana ndiye atakayekuja na kesi. Bibi mmoja aligoma kuweka dole mpaka migomba yake ihesabiwe upya akiwa amesimama palepale, akatuonyesha chipukizi tuliloliruka nyuma ya choo. Na alikuwa na haki. Bodi ya ardhi ya wilaya ina orodha yake ya viwango vya fidia ya mazao, na fidia yake ilitegemea hesabu ile. Tukarudia shamba zima.

Hapo bado ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, wanaotoa kwanza kibali cha uchunguzi, ndipo uje uombe leseni. Bado NEMA, mamlaka ya mazingira, na tathmini yao, bado kibali cha kutumia maji ya mto, bado UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, ambao ndio wa kukununulia umeme na ambao hawana haraka na wewe. Kila karatasi niliikimbilia mimi, mara nyingi kwa hela ya mfukoni, kwa sababu "tutarekebisha dili likifunga".

Sasa soma hapa polepole, ndipo nilipoliwa. Mkataba wangu ulisema nitalipwa siku kampuni iliyoniajiri itakapopokea mkopo wa ujenzi. Haikupokea mkopo wowote. Leseni ilipotoka na mkataba wa kuuza umeme ukasainiwa, mzee aliuza hisa zote za ile kampuni ndogo ya mradi kwa wageni. Si ajabu katika biashara hii: mradi hupanda bei karatasi zikikamilika, hata kabla jembe halijagusa udongo, na wapo wanaoingia tangu mwanzo wakiwa na nia ya kuuza hapo. Mkopo ulikuja baadaye, kwa wenye mali wapya. Nikaenda kudai. Wapya wakasema hatukujui, aliyekuajiri ni mwingine. Mzee akasema mimi sijapokea mkopo, soma mkataba wako. Nikausoma huo ukurasa wa nne. Alikuwa sahihi mpaka kwenye nukta. Wakili niliyempelekea aliusoma akacheka, halafu akanitoza ya kucheka.

Simtaji. Lakini namwona kwenye warsha akiwafundisha vijana "subira katika sekta ya nishati", na hapo huwa natoka nje kutafuta chai, maana nina presha na bima yangu haifiki huko.

Na usijidanganye kwamba miradi mikubwa ni salama zaidi. Bujagali, bwawa la umeme kwenye Mto Nile, kampuni ya Kimarekani ya AES walihangaika nayo tangu miaka ya 1990, wakajitoa 2003. Ujenzi ukaanza 2007 na watu wengine, megawati 250 zikakamilika 2012. Mfikirie kijana wa zamu ya kwanza aliyeahidiwa asilimia. Bomba la mafuta ya Uganda je? Kuna waliohangaikia njia ya kupita Kenya, Aprili 2016 ikachaguliwa Tanga, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukafika Februari 2022. Karuma, bwawa jingine la Nile, ndiyo kabisa: serikali kwa serikali, mkopo wa benki ya Exim ya China, kampuni ya Kichina ya Sinohydro wakajenga megawati 600. Mtafuta wawekezaji angetafuta nini pale? Yanayoua dili au kulichelewesha huamuliwa Ikulu na kwenye kamati za mabenki, na wewe hujaalikwa hata kubeba faili. Kufungia ugali wako kwenye siku ya mkopo ni kucheza bahati nasibu ambayo mwenye kuichezesha ndiye anayeshika namba.

Lipwa kwa karatasi. Kibali cha ERA kikitoka, ulipwe kiasi fulani ndani ya mwezi. Saini za ardhi zikikamilika, ulipwe. Leseni, ulipwe. Mkataba wa UETCL, ulipwe fungu kubwa kuliko yote, maana hapo ndipo mwenye mradi anapotajirika. Kisha kifungu kimoja usichokubali kifutwe: hisa za kampuni ya mradi zikiuzwa, zote au sehemu, kilichobaki chote unadai siku hiyohiyo kwa anayeuza. Kampuni ya mradi itajwe kwa jina na isaini, siyo ile iliyokuajiri peke yake. Nauli utangulize kuipata, usiwakopeshe. Wakikuambia "hapa sisi ni familia, hatuandikiani hivyo", waambie bibi wa migomba aliandikiana na familia, na yeye alilipwa.

Wakikataa, dai mshahara kamili, asilimia waiweke wao. Mimi sasa niko kwenye miradi ya jua, mshahara na bonasi ndogo kwa kila karatasi. Sijajenga Muyenga kwenye majumba ya matajiri, ila mwenye nyumba wangu ananisalimia vizuri.

Kuhusu shahada, soma yoyote, mradi uwe na mtu wa kukusomea mikataba. Umesema wanataka saini yako Ijumaa. Bandika hapa hicho kifungu cha malipo leo, ufute jina la kampuni, tukisome.