Jibu: Nitajuaje maji yanapita kwenye mpira?

Mkuu, umeuliza utajuaje maji yanatembea ndani ya mpira wakati mwisho wake huuoni. Kwanza, usidanganywe na mpira kuwa mgumu. Hiyo ni presha tu. Hata koki ya mbele ikifungwa utabaki mgumu vilevile. Mimi ningeunga katikati kipande cha bomba angavu, kisimame wima, maji yaingilie chini. Ndani weka gololi ya plastiki nzito kidogo kuliko maji, isizibe bomba, na wavu juu na chini isitoroke. Maji yakipita inapanda, yakikata inashuka taratibu. Ukitaka kengele ilie yenyewe, tafuta kihisi chenye pangaboi: likizunguka, sumaku yake inafanya kihisi kitoe mapigo ya umeme. Ila weka chujio, mchanga hulikwamisha.