Maswali na Majibu: Kichujio cha ruta hakijui nani kashika rimoti

SWALI: Habari kaka. Hapa kwetu tuna mtoto wa miaka 9 na kijana wa 15. Mimi na mume wangu tunafuatilia ile tamthilia ambayo kila mtu anaipigia kelele kwamba ina matusi na mambo ya chumbani, tunaiangalia usiku watoto wakishalala. Juzi nikagundua kijana ameshafika sehemu ya nne. Jamaa mmoja akaja akatuwekea kichujio kwenye ruta, akachukua hela yake, akasema sasa hapa hakipiti kitu kibaya. Ila tamthilia bado inafunguka kama kawaida, na kilichozuiwa ni tovuti ya afya ya uzazi ambayo mimi huwa naisoma. Nimwite tena au kuna programu kali zaidi? Mama mkwe anasema tunahangaika bure, dawa ni serikali iifungie tu yaishe. (Mama wa Wawili)

JIBU: Dada, usimwite tena. Na kabla hujaendelea kusoma badilisha paswedi ya ruta, ile ya kuingilia kwenye mipangilio, sio ya Wi-Fi tu, maana ya sasa hivi anayo yeye.

Alichokufanyia ni kubadilisha DNS, kazi ya dakika tano. Kifaa chako kikitaka kufungua tovuti kinauliza kwanza hili jina liko kwenye anwani gani, na kichujio cha aina hiyo kinachofanya ni kukataa kujibu kama jina limo kwenye orodha yake. Basi. Zaidi ya jina hakioni kitu. Sasa tamthilia yako inatoka kwenye huduma ileile inayotoa katuni za mdogo wake, jina lilelile, na mawasiliano yenyewe yamefungwa kwa HTTPS, yaani yanasafiri yakiwa yamefichwa kwa siri, kwa hiyo kichujio hakijui kama kinachopita ni sungura anayeimba au ni sehemu ya nne. Ama uzuie huduma yote ama uiachie yote, hapo katikati hapana. Na huyo kijana wa 15 akizima Wi-Fi akawasha bando la simu yake ruta yako inakuwa pambo tu mezani.

Hii habari ya "nimeweka kichujio lakini bado inafunguka" naletewa kila mara, na karibu kila mara kosa ni hilohilo, mtu kafunga mlango ambao mtoto hata hapitii. Vijana wengi wala hawadukui chochote. Anawasha tivii, zinatokea picha nne za profaili, anabonyeza picha ya mama, na pale juu kabisa imeandikwa endelea kutazama. Umemwekea mwenyewe.

Kwa hiyo dawa iko kwenye akaunti. Mfano Netflix, ingia kwa kompyuta au brauza ya simu, nenda kwenye akaunti, kila profaili ina mipangilio yake. Ya mdogo iwe ya watoto. Ya kijana weka kikomo cha umri, na hapohapo unaweza kuandika jina la kipindi kimoja kimoja usichotaka kionekane kwenye profaili yake, kisionekane hata akikitafuta. Profaili yako na ya baba zifunge kwa pini ya tarakimu nne (na tafadhali isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, mtoto wako anaujua). Halafu kuna kisanduku kidogo ambacho watu hawakiangalii kabisa, cha kudai pini mtu akitaka kuongeza profaili mpya. Usipokiweka tiki kijana anatengeneza profaili yake ya tano, anaipa jina la paka, na hiyo haina kikomo chochote. Ukimaliza angalia historia ya kilichotazamwa kwenye kila profaili, utacheka au utalia. Huduma nyingine kubwa zina vitu hivihivi kwa majina tofauti, na mashine za gemu pia, huko utakuta alama za umri kama zile za Ulaya ziitwazo PEGI, 3, 7, 12, 16 na 18, unachagua mwisho ni ngapi na mashine inakataa yenyewe.

Ni hivyo tu. Nusu saa, na hakuna wa kumlipa.

Sasa nije kwenye hilo la "programu kali zaidi", maana hapa ndo huwa napandwa na hasira. Watu wanaamini kichujio kina akili kwamba kinajua baya na zuri, na kikikosea basi dawa ni kuongeza ukali. Hakijui. Kinajua orodha, au kinakisia kwa maneno na rangi za picha, na ukiongeza ukali unaongeza kukisia, ndo maana tovuti yako ya afya ya uzazi imeanguka na tamthilia imesimama. Haya mambo ni ya zamani. Mwaka 1996 kampuni ya intaneti ya AOL ilikataa kusajili wakazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, kwa sababu ndani ya herufi za jina la mji wao kichujio kiliona tusi. Mtu anaambiwa anatukana kwa kuandika anakoishi! Utasema huo ulikuwa uchanga wa teknolojia, haya, Desemba 2018 mtandao wa kijamii wa Tumblr ulipopiga marufuku picha za ngono mashine yake ikaanza kuripoti picha za kawaida kabisa zisizo na mtu aliyevua hata kofia. Aprili 2020 Cloudflare, ambao kwa kazi hii ni watu wazito, walitoa DNS ya bure ya familia ya kuzuia tovuti za ngono, na hapohapo ikawa inazuia tovuti za kijamii na za elimu zisizohusika, ikabidi waombe radhi waeleze kwamba walichukua makundi yasiyo sahihi kutoka kwa aliyewapa orodha. Kama wao linawatokea, huyo jamaa yako mwenye begi na flashi mbili anakuahidi nini? Na Australia mwaka 2007 serikali iligawa vichujio vya bure kwa familia, mradi wa dola milioni 84 za kwao, kijana wa miaka 16 akakipita kimoja kwa kama nusu saa na alama ya programu ikabaki pale kwenye kompyuta inaonekana inafanya kazi, mzazi akipita anaona kila kitu shwari.

Kuna kibaya zaidi ya hela kupotea. Hawa wa "kali zaidi" wanajua HTTPS inawazuia kuona ndani, kwa hiyo programu zao nyingine zinakuomba usakinishe cheti. Inakuja meseji kwenye skrini, ruhusu cheti hiki, mtu anabonyeza ndiyo kwa sababu fundi amesema bonyeza ndiyo. Dada hicho cheti maana yake kuanzia leo hiyo programu inakaa katikati ya kifaa chako na kila tovuti, inafungua mawasiliano, inasoma, inafunga tena. Inasoma na benki. Inasoma na daktari wako. Na mwenye funguo za hicho cheti, yeyote yule, anaweza kujifanya benki yako na kifaa chako kikakubali bila hata kukuonya.

Unadhani natisha watu? Februari 2015 ilikuja kujulikana laptopu za Lenovo zilikuwa zinauzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish iliyofanya hivyohivyo, na ufunguo wa siri ulikuwa ni mmoja kwa laptopu zote. Mtaalamu mmoja wa usalama akaivunja paswedi yake, ikawa ni "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza injini iliyokuwa ndani ya hiyo programu. Na injini hiyohiyo ya Komodia ikakutwa pia ndani ya programu za wazazi za kulinda watoto. Yaani mzazi amenunua ulinzi, amepata kompyuta ambayo mtu aliyekaa naye kwenye Wi-Fi moja anaweza kumsoma. Kwa hiyo mtu akikuletea kichujio kinachodai cheti, au cha kwenye simu kinachodai ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye skrini, na hawezi kukueleza data inaenda wapi, mtoe nje. Simu au kompyuta ambayo imeshasakinishwa vitu hivyo ifute yote ianze upya, usijaribu kuchomoa kimoja kimoja.

Mama mkwe sasa, na nasema kwa heshima zote. Wazo lake ni lilelile la jamaa wa ruta ila limekuzwa. Angalia ngazi zilivyo: kwenye profaili mashine inajua huyu ni kijana wa 15 na yule ni mama yake. Kwenye ruta haijui tena, nyumba nzima ni mtu mmoja. Ukipanda juu, mtoa huduma ya intaneti akizuia kitu kwa wateja wake wote, mtaa mzima ni mtu mmoja, na ukifika ngazi ya nchi basi kila mtu mpaka babu wa miaka 70 anahesabiwa kuwa na umri wa mwanao mdogo. Kadiri zuio linavyokaa mbali na kochi ndivyo linavyokuwa kipofu, na hapo sijaanza siasa bado, hiyo ni mitandao tu inavyofanya kazi. Februari 2008 Pakistani iliamua kuizuia YouTube ndani ya nchi yake kwa sababu ya video iliyoonekana kukashifu dini, agizo likatekelezwa vibaya kwenye njia za intaneti, YouTube ikapotea dunia nzima kwa karibu saa mbili. Australia tena, 2013, mamlaka ya masoko ya fedha ilitaka kuzuia tovuti moja ya matapeli, ikazuia anwani ambayo tovuti zaidi ya 1,000 zisizohusika zilikuwa zinakaa humohumo, kikiwemo chuo cha watu cha kujitolea huko Melbourne ambacho hakikujua kimekosa nini.

Na hilo la watu wazima lilishapelekwa mahakamani zamani. Michigan, Marekani, walikuwa na sheria ya kukataza kumuuzia mtu yeyote kitabu kinachoweza kumharibu kijana. Mwaka 1957 kesi ya Butler ikafika Mahakama ya Juu, majaji wote wakaitupa, na Jaji Frankfurter akaandika kwamba hiyo ni kuchoma nyumba ili upate kumbanika nguruwe, kwamba matokeo yake ni watu wazima wa Michigan kubakiziwa kusoma kile tu kinachowafaa watoto. Wewe na mume wako mnaangalia usiku, mmelipia, watoto wamelala. Kama tamthilia ni mbovu (mi niliona sehemu mbili nikaona inapiga kelele nyingi kuliko hadithi, ila hiyo ni ladha yangu) mtaizima wenyewe. Hakuna fundi wala mlalamikaji anayepaswa kuwachagulia, na mtu asiyeipenda ana kitufe kilekile mlicho nacho.

Sana sana kufungia kunaitangaza. Norway ilipoipiga marufuku filamu ya vichekesho ya kundi la Monty Python la Uingereza, Life of Brian, mwaka 1980, Sweden pale jirani wakaitangaza kama filamu inayochekesha mpaka imepigwa marufuku Norway.

Ila kinachoniumiza zaidi kama fundi ni kwamba marufuku inaniharibia hata hivyo vifaa vinavyofanya kazi. Chukua gemu za Australia. Mpaka mwisho wa 2012 hawakuwa na daraja la 18 kwa gemu, la juu kabisa lilikuwa 15. Wakubwa waliolipinga daraja hilo waliamini wanalinda watoto. Kilichotokea ni gemu nyingine kukataliwa kabisa, watu wazima wakazikosa, na nyingine nyingi ambazo kwingine zilikuwa na alama ya 18 zikaingia kwa alama ya 15, yaani kijana wa umri wa mwanao akauziwa kihalali kabisa dukani kitu ambacho Ulaya asingeuziwa. Januari 2013 daraja la 18 likaanza kutumika, na ndo mzazi akapata kitu cha kuweka kwenye mipangilio.

Maana kikomo cha umri kinasoma alama. Huduma inayoruhusiwa inaleta tamthilia ikiwa na alama yake, 16 au 18, na profaili ya kijana inaikataa. Ikifungiwa haipotei, inahamia kwenye nakala za wizi, kwenye makundi ya simu, kwenye flashi inayozunguka shuleni, faili limeandikwa namba tu na sehemu ya nne iko humo na ya tano pia. Faili hilo halina umri wowote. Tivii italicheza, simu italicheza, pini yako haitaulizwa, historia ya profaili haitaonyesha kitu, na wale wote wanaotaka tamthilia ifungiwe hawatakuwepo sebuleni kwako kuliona.