Chanjo ya homa ya mafua: nichanje au niache?

Maswali kuhusu chanjo ya influenza, ile homa ya mafua inayokuja kwa msimu, yametufikia mengi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua yale ambayo jibu lake hubadilika kufuatana na umri wa mtu, afya yake na watu anaoishi nao, maana hapo ndipo uamuzi ulipo.

Swali: Mwaka jana nilichanja, na kabla wiki haijaisha nikalala siku tatu kwa mafua na kikohozi. Sasa naambiwa nichanje tena. Kuna faida gani kuchanja kitu kisichozuia, na ambacho pengine ndicho kilichoniuguza? Nina miaka 38, ni mwalimu wa shule ya msingi, sina ugonjwa wowote.

Jibu: Mwalimu, sindano haikukuambukiza. Virusi vilivyomo vimeuawa na kuvunjwavunjwa kiwandani. Kinachoingia mwilini ni vipande vya protini za ganda lake, navyo haviwezi kuzaliana. Vinaweza kukuletea maumivu ya mkono, uchovu, homa ndogo na mwili kuuma kwa siku moja au mbili. Pua kuchuruzika na kukohoa havitokani na sindano hiyo.

Yanabaki mawili. Huenda influenza ilikuwahi: kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, na dalili za influenza hujitokeza siku 1 hadi 4 tangu kuambukizwa. Au ulipata mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200 ambavyo chanjo hii haivigusi. Influenza yenyewe huanza ghafla: asubuhi mtu yuko kazini, jioni ana homa kali na kutetemeka, kichwa na viungo vinauma, hata kunyanyuka hawezi.

Sasa tuje kwenye kuzuia. Miaka ambayo aina zilizowekwa kwenye chanjo zinalingana na virusi vinavyozunguka, chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua mpaka kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Tuseme katika watu 100 wasiochanja wangeugua 10. Watu 100 kama hao wakichanja wataugua 4 hadi 6. Hao wanaougua licha ya kuchanja, mara nyingi ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi, na hatari ya kulazwa hupungua. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya.

Sababu mojawapo kubwa ni muda wa kuitengeneza. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za virusi za kuweka: Februari kwa ajili ya msimu wa kaskazini mwa dunia, Septemba kwa ajili ya kusini. Baada ya hapo viwanda vinahitaji takriban miezi sita. Katika miezi hiyo virusi haviachi kubadilika, hasa aina ya A(H3N2), na kuna miaka ambayo chanjo inafika vikiwa vimeshajibadili. Hiyo ndiyo sababu pia chanjo ya mwaka jana haikutoshi mwaka huu, mbali na kwamba kinga yenyewe hushuka kadiri miezi inavyopita.

Kwa mtu wa miaka 38 mwenye mwili mzima, kuacha kuchanja si kujitia katika hatari kubwa ya kufa, na hatuoni sababu ya kukutisha. Lakini unashinda na watoto, na watoto ni wasambazaji wakubwa wa influenza. Mtu huanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, kwa hiyo kukaa mbali na wenzako baada ya kuugua hakutoshi. Kama jioni unarudi kwenye nyumba yenye mzazi mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo, sisi tungekuambia chanja bila kusita.

Swali: Nina ujauzito wa miezi mitano. Mama mkwe amenikataza sindano yoyote mpaka nijifungue. Nifanye nini?

Jibu: Hofu ya mama mkwe wako ina msingi, na mweleze hivyo kwa heshima. Zipo chanjo ambazo mjamzito hapewi, zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubella. Hata chanjo ya influenza ya kupuliza puani ina virusi hai, nayo hupewi. Ya sindano ina virusi vilivyokufa, na inaruhusiwa katika mwezi wowote wa ujauzito. Inatolewa kwa wajawazito tangu miaka mingi.

Sababu za kuitaka ni mbili. Ujauzito huongezea moyo na mapafu kazi na hubadilisha kinga ya mwili, ndiyo maana influenza humwangusha mjamzito vibaya kuliko mwanamke mwingine wa umri wake. Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba mtoto haruhusiwi kuchanjwa influenza kabla ya kutimiza miezi 6. Kinga pekee atakayokuwa nayo ni kingamwili zako zinazopita kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Zinahitaji angalau wiki mbili kujengeka na kumfikia, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Ukijifungua kabla hujachanja, bado chanja. Kunyonyesha si kizuizi.

Swali: Nina miaka 71, nina ugonjwa wa moyo na natumia dawa ya kuzuia damu isigande. Je, sindano ya msuli haitaniletea kuvuja damu?

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Unaweza kuchanja, na wewe ndiye hasa tunayemtaka achanje. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika siku 7 baada ya kuthibitika mtu ana influenza, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulipanda mara sita hivi. Homa hulazimisha moyo ukimbie, na uvimbe unaosambaa mwilini huchokoza mishipa iliyokwisha kuwa myembamba.

Mtajie muuguzi dawa unayotumia kabla hajakuchoma. Atatumia sindano nyembamba, kisha pamba ibanwe kwa nguvu mahali pale kwa dakika mbili nzima. Ibanwe tu, isisuguliwe. Kusugua ndiko kunakoleta uvimbe wa damu. Usiache dawa yako ya moyo kwa ajili ya chanjo. Kama dawa ni warfarin, hakikisha kipimo chako cha mwisho cha kuganda kwa damu kilikuwa kwenye kiwango alichokuwekea daktari.

Kuna chanjo maalumu ya watu wa miaka 65 na zaidi, yenye mikrogramu 60 za protini kwa kila aina ya virusi badala ya 15, kwa kuwa mwili wa mzee huitikia chanjo kwa udhaifu. Ikipatikana, ichague. Isipopatikana, chukua ya kawaida siku hiyohiyo, kwani kusubiri hiyo nyingine kutakuacha bila kinga msimu ukianza.

Swali: Mtoto wangu wa miaka mitatu hajawahi kuchanjwa influenza. Nimeambiwa arudi mara ya pili. Ni lazima, au ni biashara?

Jibu: Ni lazima. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 8 anayechanjwa influenza kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikiachana kwa angalau wiki 4. Mwili wake haujawahi kuviona virusi hivi. Dozi ya kwanza humfundisha, ya pili ndiyo hujenga kinga ya kutosha. Kosa tunaloliona sana ni mzazi kutorudi, akidhani moja inatosha nusu. Msimu ujao atahitaji moja tu.

Hesabu kwa kurudi nyuma: wiki 4 kati ya dozi, na wiki 2 baada ya dozi ya pili, hivyo aanze wiki 6 kabla ya msimu. Kwa walio chini ya miaka 3 kipimo huwa mililita 0.25 au 0.5 kutegemea kiwanda. Kwa umri wa wako ni 0.5. Akipata homa baada ya sindano mpe parasetamoli kwa uzito wake. Aspirini usimpe: kwa watoto wenye influenza, aspirini huweza kuleta madhara makali ya ubongo na ini.

Swali: Nina mzio wa mayai. Je, nisahau?

Jibu: Hapana. Chanjo nyingi huoteshwa kwenye mayai ya kuku, lakini protini ya yai inayobaki ni ndogo mno. Asiyepaswa kuchanja ni aliyewahi kupata mzio mkali (koo kufunga, pumzi kukata, presha kushuka) kutokana na chanjo yenyewe ya influenza.

Swali: Nilisikia chanjo hii inapoozesha watu. Ni kweli?

Jibu: Upo ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, unaoanza kwa miguu kuishiwa nguvu. Mwaka 1976 huko Marekani, chanjo iliyotengenezwa dhidi ya mafua ya nguruwe ilihusishwa nao kwa takriban mgonjwa 1 wa ziada katika kila watu 100,000 waliochanjwa, na kampeni ikasimamishwa. Kwa chanjo za msimu za siku hizi, pale hatari hiyo inapoonekana, huwa mtu 1 hadi 2 katika milioni. Influenza yenyewe nayo huuleta ugonjwa huo, tena zaidi ya chanjo. Kama uliwahi kuupata ndani ya wiki 6 baada ya kuchanja, zungumza na daktari wako kwanza.

Swali: Mwezi gani ni mzuri, na nitajuaje kama ninachochomwa ni kizima?

Jibu: Lenga wiki chache kabla ya virusi kuanza kupamba moto. Kaskazini mwa dunia huwa ni Septemba na Oktoba. Kusini ni Aprili na Mei. Maeneo ya tropiki influenza huweza kuzunguka mwaka mzima, na pengine hupanda mara mbili. Huko chukua chanjo mpya kabisa iliyopo, wala usiogope kwamba umechelewa.

Siku ya kuchanjwa, omba kuona boksi. Limeandikwa msimu, tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Ya msimu uliopita ikataliwe hata kama ni ya bure. Inatunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto peke yake, kumbe kuganda barafu nako huiharibu, na chanjo iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana sawa. Ukiona vichupa vimegusana na ukuta wa friza, uliza.

Vua mkono wote wa shati badala ya kuukunja ukabana begani. Kwa mtu mzima sindano huingia kwenye nyama nene ya bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ule mfupa wa juu unaouhisi ukipapasa. Ikichomwa juu mno huingia karibu na kiungo, na bega huweza kuuma kwa miezi, mkono usinyanyuke. Kwa hiyo muuguzi naye aketi, macho yake yawe sawa na bega lako. Kisha kaa dakika 15 kabla ya kuondoka: wapo wanaozimia, na mzio mkali ukitokea hujitokeza mapema.

Swali: Nimeshaanza homa na mwili unauma. Nikimbilie chanjo sasa?

Jibu: Hapana, chanjo haitibu. Kama una zaidi ya miaka 65, mjamzito, au una pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au upungufu wa kinga, nenda kituo cha afya leo hii. Oseltamivir, dawa inayopambana na virusi vya influenza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mtu mzima mwenye figo nzima hutumia miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku 5. Antibiotiki haziui virusi, usizimeze kwa kubahatisha. Wengine pumzikeni, nyweni maji, na msitoke mpaka homa iwe imeondoka kwa saa 24 bila dawa ya kuishusha.

Yeyote anayepumua kwa shida, kifua kinamuuma, amechanganyikiwa, au amepata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Ukishapona, bado unaweza kuchanja: chanjo za siku hizi kwa kawaida hubeba aina tatu za virusi, na wewe umeugua moja tu.