Maswali ya Wasomaji: Siklidi wa Maji ya Kasi

SWALI: Nimeuziwa samaki watano wa kijivu, sentimita 4 hivi kila mmoja, kwa jina la "kongo". Hawaelei, wanarukaruka chini kama panzi. Mwenzangu anasema ni wa Mto Malagarasi. Nitawatambuaje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kurukaruka hakutoshi kumpa samaki jina. Siklidi (samaki wa ukoo wa perege) wengi wa maporomoko wana kibofu cha hewa kilichosinyaa, hivyo hukaa chini na mkondo hauwabebi. Mweke mmoja katika chombo chembamba cha plastiki angavu chenye maji ya tangi, mpige picha ya ubavuni, kisha ikuze kwenye simu.

Anza na pezi la chini, lile lililo kati ya tundu la haja na mkia. Hesabu miiba migumu ya mbele, siyo nyuzi laini zinazofuata. Ikiwa 4 au zaidi, huyo huenda ni Lamprologus, ndugu wa wale wa Ziwa Tanganyika aliyehamia Mto Kongo. Kisha tazama mstari wa vitundu unaopita kwenye magamba ya ubavu. Kwa siklidi karibu wote umekatika vipande viwili: cha mbele kiko juu, cha nyuma kiko chini. Ukiwa mzima, na mwili ni mrefu kama wa mjusi, umepata Teleogramma. Hata jina lake limetokana na mstari huo.

Ukiwa umekatika, na miiba ni 3, wanabaki Steatocranus wa Kongo na Orthochromis wa Malagarasi, na hapo ndipo wauzaji hukosea. Kwa sentimita 4 usikimbilie kukata shauri. Steatocranus casuarius akikua huota nundu kwenye paji la uso, ya dume ikiwa kubwa zaidi, na hutaga pangoni. Orthochromis wa Malagarasi hana nundu hiyo, na jike hubeba mayai mdomoni. Ukiona jike koo limevimba na anakataa chakula, swali lako limejibiwa.

Wakiwa wa Malagarasi, muulize muuzaji jina la mto kabla ya kuuliza bei. Mwaka 1998 wataalamu wa samaki Luc De Vos na Lothar Seegers walieleza spishi mpya 7 kutoka mito ya Malagarasi, Luiche na Rugufu, na majina kama Orthochromis uvinzae na O. kasuluensis yanataja mahali. Muuzaji asipojua mto, andika hivyo hivyo kwenye tangi, wala usiwazalishe pamoja na Orthochromis wengine. Machotara wakishaingia sokoni hakuna wa kuwachambua.

SWALI: Jozi yangu ya Steatocranus casuarius imetaga mara tatu. Kila jioni namulika pangoni kwa tochi. Siku ya nne au ya tano mayai hayapo. Tangi lina urefu wa sentimita 60, na wamo wengine wawili wa aina hiyo hiyo.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Anza kwa kuiweka tochi kabatini. Mzazi anayemulikwa kila jioni huona pango limevamiwa, na mara nyingi huyala mayai mwenyewe. Kisha waondoe wale wawili. Jozi hii hushikamana sana na haivumilii jirani, na katika sentimita 60 jirani hana pa kwenda.

Watafutie tangi lenye sakafu ya sentimita 100 kwa 40. Kimo si hoja kwa samaki asiyepanda juu. Mawe makubwa yakae juu ya kioo chenyewe, yametandikiwa karatasi ya sponji, ndipo umwage mchanga wa sentimita 4 au 5. Ukianza na mchanga, watauchimba chini ya jiwe na jiwe litawaangukia. Laza vyungu viwili au vitatu vya udongo, mlango wa sentimita 4 hadi 5, visitazamane. Kwa lita 150, pampu ya lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa inatosha. Funika mdomo wake wa kuvuta kwa sponji, la sivyo vifaranga wataishia humo. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27, pH (kipimo cha asidi ya maji) 6.5 hadi 7.5. Badilisha theluthi ya maji kila wiki, baada ya kuondoa klorini.

Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hivi, na vifaranga hutoka pangoni karibu wiki 2 tangu kutagwa. Usipowaona siku ya kumi, usifukue. Siku wanayotoka, uwe na atemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) tayari: nusu kijiko cha chai cha mayai yake kwenye lita 1 ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi, hewa ikibubujika kwa nguvu, saa 24 hadi 36. Wape kwa bomba jembamba karibu na mlango wa chungu. Wazazi nao hutafuna chakula na kuwatemea, kwa hiyo usiwatenge mapema.

Umeme ukikatika, samaki hawa ndio wa kwanza kutweta. Weka pampu ya hewa ya betri. Chujio lililofungwa likilala saa kadhaa bila umeme, lisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, maana uchafu uliooza ndani hurudi wote tangini.

SWALI: Kribensi wangu (Pelvicachromis pulcher) wamezaa mara mbili, na karibu watoto wote ni madume. Natumia maji ya mvua na majani makavu ya mkungu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Umejitajia sababu. Maji ya mvua hayana chokaa ya kuizuia pH isishuke, na majani yakiishusha hakuna kinachoikamata. Kwa samaki huyu maji yenye asidi huzaa madume mengi, yenye alkali huzaa majike mengi, na jambo hilo huamuliwa wiki za mwanzo. Changanya maji ya kisima au ya bomba mpaka pH ifike kati ya 6.8 na 7.2 kabla hawajataga, uishikilie hapo mwezi mzima. Kuibadilisha watoto wakishakua hakusaidii.

SWALI: Teleogramma brichardi wanne, lita 80. Wawili wamekufa, mapezi yametafunwa.
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Lita 80 ni uwanja wa ngumi. Mpe dume mmoja majike wawili katika tangi lenye urefu usiopungua mita 1, kila mmoja na tundu lake, na matundu mawili ya ziada. Jike utamjua kwa ukingo mpana mweupe juu ya mkia. Akiwa tayari kutaga, tumbo huwa jekundu. Mpaka upate tangi hilo, watenganishe hao wawili waliobaki kwa kioo leo hii.