Maswali yenu: samaki wanavuka, askari wanageuza

Mkataba wa Nairobi si wa Kenya peke yake? (Msomaji, Pangani)

La! Ni mkataba wa kulinda bahari na pwani za magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ulitiwa saini Nairobi, basi. Hii ni mara ya nne naulizwa. Wanachama ni kumi: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska, Komoro, Shelisheli, Morisi na Ufaransa. Saini ni za 1985, kuanza kutumika ni 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa saini alikuwa ameshafika darasa la tano. Kasi yetu ndiyo hiyo.

Ufaransa inatafuta nini humo? (Msomaji mwenye hasira, Kilifi)

Ina visiwa vya Réunion na Mayotte huku kwetu, kwa hiyo ni jirani, upende usipende. Meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa Morisi tarehe 25 Julai 2020, na Agosti 6 mafuta yakaanza kuvuja, jumla yake kama tani 1,000. Vifaa vya kuyazuia vililetwa kwa ndege kutoka Réunion. Tena meli yenyewe haikuwa inakwenda Morisi. Ilikuwa njiani kutoka Singapore kwenda Brazili. Waliopata hasara hawakuwa na shehena yoyote ndani yake. Nami niwaulize: wilayani kwenu nani anajua maboya ya kuzuia mafuta yako ghala gani?

Mimi mvuvi wa Moa, Tanzania. Samaki huvuka kwenda Vanga, Kenya, bila pasipoti, mimi nikivuka nakamatwa. Haki iko wapi?

Kibali kwanza, ndugu yangu, maana bila hicho sina la kukutetea. Wazee wenu walipokwenda dago, yaani kuvua ugenini, walifikia kwa mwenyeji, wakajulikana diko zima, pale vyombo vinapopakua samaki. Siku hizi mwenyeji hatoshi.

Ila umegusa penyewe. Mkondo wetu hupanda kaskazini, na mayai ya samaki huchukuliwa nao. Changu akizaa kwenye miamba ya Tanga, makinda yake yanaweza kukulia upande wa Kenya. Basi baruti ikilipuka kusini, kuna mtumbwi kaskazini utakaorudi mtupu. Niliwahi kuzama kwa miwani kwenye mwamba uliopigwa. Matumbawe yalikuwa kokoto tupu, na tasi wamelala chini, wamepasuka vibofu vya hewa. Wengi huwa hawaelei. Mpiga baruti huokota wachache walio juu, waliobaki wanaoza hapo chini.

Juya nalo, wavu mkubwa wa kukokota, ni haramu nchi zote mbili. Lakini chombo kikifukuzwa kikavuka mstari, askari anageuza, kazi imekwisha. Habari ya hifadhi ya pamoja mpakani, kutoka Diani na Chale za Kenya hadi Mkinga ya Tanzania, inazungumzwa miaka na miaka. Wangekaa wenyeviti wa madiko ya pande zote mbili chini ya mwembe mmoja, naamini wangefika mbali kuliko semina zote za hotelini.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019. Mbona takataka haziishi ufukweni?

Kwa sababu ilikatazwa mifuko, chupa zikaachwa. Asubuhi moja ya kusi niliokota chupa yenye maandishi ya Kiindonesia, shingoni imeota magamba ya baharini. Imevuka bahari nzima hiyo. Msifurahi lakini: pembeni yake zilikuwapo kumi na moja za maji ya kwetu, na vifuniko bado vinang'aa.

Kasa akinasa wavuni kwa bahati mbaya, naweza kumla?

Hapana. Si Kenya, si Tanzania, na "bahati mbaya" hiyo mnaitumia sana. Mkatie nyavu, mwachie. Akiwa na kibati cha namba kwenye kikono, usikibandue. Andika namba uipeleke ofisi ya uvuvi. Huenda alivishwa nchi nyingine kabisa, na kuna mtu huko anasubiri kujua kafika wapi.