OpenTTD: hasara ya safari ya kurudi tupu inakufundisha, kudai madeni haikufundishi

Mkuu, umeuliza kama gemu za biashara zinafundisha kitu au ni kukesha bure, na ukataka inayokubali laptop chakavu. Mimi nimecheza OpenTTD, gemu ya kuendesha kampuni ya usafirishaji, karibu miaka sita, na katikati hapo niliwahi kumiliki Fuso ya mizigo. Kwa hiyo nimeumia pande zote mbili.

Gemu yenyewe ni ya bure. Ilitoka 2004, imetokana na Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer ya miaka ya 90. Ukishaipakua haikudai bando, na kwangu ilikwenda vizuri kwenye mashine ya RAM GB 2. Unaanza mwaka 1950 na mkopo wa 100,000, ukitaka unaupandisha hadi 300,000, kisha unatafuta mzigo: makaa ya mgodini, abiria, barua.

Utamu uko kwenye malipo. Yanategemea wingi wa mzigo, umbali, na siku ulizokaa njiani. Lori la kwanza la makaa linabeba tani 20, mwendo kilomita 48 kwa saa. Linakwenda limejaa, linarudi tupu, na gharama zinakatwa kwenda na kurudi. Nilikuwa nimelikodolea macho lile lori tupu likipanda mlima usiku mmoja, ndipo nikaelewa kwa nini Fuso yangu inapeleka mchele Dar kila wiki na mwisho wa mwezi sioni kitu. Nilikuwa napiga hesabu ya kwenda tu! Kuanzia hapo dereva hakugeuza gari bila mzigo, hata simenti ya bei ya kutupa.

Kero zipo. Taa za reli zitakutoa jasho. Treni zangu mbili zilitazamana puani mwaka mzima wa gemu sijui nifanye nini. Washindani wanaoendeshwa na kompyuta hawapo mpaka uwapakue mwenyewe. Abiria, usipobadilisha mipangilio, hana anakokwenda, unamshusha popote na analipa. Na hela zikishajaa, raha inakwisha, unabaki kupamba reli. Ila halmashauri ya mji ndiyo watengenezaji wameipatia: ukikata miti ovyo inakunyima kibali cha kituo, ukipanda mingine inalegea, na kitufe cha kuhonga kipo. Ukikamatwa, umekwisha.

Lakini udhaifu mkubwa ni huu: lori likishusha tu, namba ya kijani inaruka juu yake, hela imeingia. Hakuna wa kukwambia "njoo Ijumaa". Hakuna dizeli inayopanda bei, hakuna dereva anayefyonza tangi. Mimi Fuso haikunishinda kwa kukosa mzigo. Mfanyabiashara mmoja alinikalia na hela ya safari nne, simu hapokei, huku matairi mawili ya nyuma yamekuwa kipara na bima inaisha. Nikaiuza kwa bei ya hasara. Kwenye vitabu vyangu, mwezi ule nilikuwa na faida.

Kwa hiyo icheze, ila usijipime nayo. Siku hizi nacheza na daftari pembeni: mapato ya kila lori nayahesabu yameingia baada ya siku 60, na kabla ya hapo ni marufuku kuyagusa. Tangu nianze hivyo nimefilisika mara mbili.