Shina la kibuyu limepukutisha majani: je, mmea unakufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipewa mmea mdogo usiozidi urefu wa kidole, wenye shina lililovimba mithili ya kibuyu. Niliambiwa tu kwamba asili yake ni Namaqualand, Afrika Kusini. Tangu joto lianze majani yananyauka na kuanguka, ingawa nimezidisha maji. Ni mmea gani, nao utapona?

JIBU: Acha kuumwagilia leo hii, kwani kinachouhatarisha ni maji hayo wala si joto. Namaqualand hupata mvua zake majira ya baridi, na mimea mingi ya huko yenye shina la akiba huchipua baridi inapoingia, kisha huangusha majani na kulala kiangazi kizima, ikiishi kwa maji iliyoyahifadhi shinani. Mizizi iliyolala hainywi; ikilowa muda mrefu huoza, na uozo hupanda kabla hujautambua. Libonyeze shina taratibu: likiwa gumu, hata kama limesinyaa kidogo, lingali hai.

Kuhusu jina, maelezo yako yanaelekea Tylecodon, lakini Othonna na Pelargonium nazo zina spishi ndogo za ukanda huohuo zenye umbo kama hilo, kwa hiyo nakusihi usiandike jina lolote kwenye chungu kabla hujaona ua. Ua la Tylecodon ni mrija wenye ncha tano, nalo mara nyingi hutokea majani yakiwa yamekwisha kuanguka, jambo ambalo huwashangaza wengi. La Othonna ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyosongamana, mfano wa alizeti ndogo, ilhali la Pelargonium kwa kawaida lina petali tano zilizoachana, mbili za juu zikitofautiana na za chini. Wako wanaouita Cotyledon, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa Tylecodon ilitengwa na jenasi hiyo mwaka 1978 tu, na mtaalamu Toelken aliyeitenga akaliunda jina kwa kupangua herufi zilezile. Majani ya Cotyledon hutazamana mawili mawili na hayapukutiki kila mwaka. Ya Tylecodon hulizunguka shina moja moja.

Uhamishie kwenye chungu chenye matundu, katika mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na changarawe na mboji kidogo sana, kisha usubiri machipukizi ndipo urudishe maji. Uweke mbali na watoto na mifugo, maana spishi kadhaa za Tylecodon zina sumu ya moyo ambayo imeua mbuzi na kondoo wengi Afrika Kusini.